Kila nikimfunika anajifunua

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana mwaka mmoja na miezi kumi. Nimezaliwa na kukulia Mtwara mjini, Shangani, ambako hata mwezi wa saba tunalala na shuka moja, na wengine hiyo shuka yenyewe wanaishia kuilalia. Mwezi wa tatu mwaka huu tulihamia Newala, nyumbani kwao mume wangu, ili ashike mikorosho aliyoacha marehemu baba yake. Mwanzoni mambo yalikuwa sawa. Kipupwe kilipoingia ndipo nikajua kwamba maisha yangu yote sikuwa nimewahi kuonja baridi.

Huku upepo wa kusi ukianza kupiga jioni, bati linalia. Asubuhi ukungu umefika mpaka barazani, mwembe ulio uani huuoni. Nyumba yetu ni mpya, ya matofali ya saruji na madirisha ya vioo, mume wangu aliimalizia baada ya msimu wa mwaka juzi. Tunalala watatu kitanda kimoja, mtoto upande wa ukutani.

Tatizo langu, Shangazi, ni blanketi. Namfunika, anapiga teke. Namfunika tena, anajiviringisha, kichwa kinakwenda miguuni na miguu inakuja usoni kwangu. Usiku mmoja nilihesabu, nilimfunika mara tisa. Saa nne usiku amelowa jasho, nywele zimegandana na paji la uso. Saa kumi nikimgusa miguu, barafu. Kuna wakati analia, kuna wakati anajikunja tu kama kijiti kilichotupwa, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nimejaribu kumfunika kwa koti zito la baba yake, lile analovalia shambani, kwa sababu uzito wake unamshinda kulipiga teke. Lakini mume wangu siku hizi anaamka saa kumi kwenda kupulizia mikorosho salfa kabla upepo haujaamka. Akiondoka anaondoka na koti lake, mlango unafunguliwa, baridi yote inaingia, mtoto anaamka, na hapo ndiyo mpaka kunakucha.

Mama mkwe anaona sijui kulea. Amesema watoto wake saba wote walilala na moto ndani na hakuna aliyekohoa. Wiki iliyopita alituletea jiko la mkaa chumbani, mkaa umekolea vizuri, hauna moshi, tukafunga madirisha. Shangazi, sitakuficha, usiku ule mtoto alilala. Hakugeuka hata mara moja. Usiku wa pili vilevile. Mimi niliamka na kichwa kinagonga, nikadhani ni uchovu. Usiku wa tatu niliogopa asije akateremka kitandani akaungua, nikalitoa. Mama mkwe kanuna. Anasema basi nimfunge mtoto kanga juu ya blanketi, kiunoni na kifuani, lisitoke.

Sasa mtoto ana kikohozi kikavu, wiki ya pili, na macho yanamwasha. Mama mkwe anasema ni baridi imeshuka kifuani kwa sababu nilitoa jiko. Nilirudishe? Na hiyo kanga nimfunge? Nimechoka, Shangazi, ninalala usingizi wa mang'amung'amu, mchana nasinzia nikimenya muhogo.

Mama wa Newala


Marahaba, mwanangu.

Kabla hujasoma jingine lolote: jiko usilirudishe chumbani. Wala leo, wala usiku utakaokuwa na baridi kuliko leo, wala kwa saa moja tu "chumba kipate joto kidogo". Na asubuhi hii, ukimaliza kusoma, mpe mumeo simu naye asome.

Umeandika kwamba usiku ule mtoto hakugeuka hata mara moja. Nilipofika hapo nilisimama, nikarudia kusoma. Mtoto anayejiviringisha usiku kucha kama wako haachi ghafla kwa sababu amepata joto tu. Na wewe mwenyewe umeamka na kichwa kinagonga. Mkaa unapowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho kama moshi wa kuni. Mkaa mwekundu uliokolea, ule tunaousifia kwamba hauna moshi, nao unaitoa. Hewa hiyo ikifika kwenye damu hung'ang'ania mahali ambapo oksijeni ingekaa, na hung'ang'ania kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa oksijeni. Kwanza kichwa kinauma, halafu usingizi mzito, pengine kutapika, halafu miguu haitii. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo inamkolea mapema. Wewe ulipata kichwa kuuma na mtoto akapata usingizi mzito. Mshukuru Mungu kwamba uliogopa, hata kama uliogopa kitu kingine.

Ninalijua jambo hili kwa mwili wangu. Nilikuwa muuguzi kijana, nimepangwa zahanati ya kijiji kimoja huko huko juu kwenye uwanda wa Makonde, mwezi wa sita, nikitokea Lindi na kanga zangu mbili. Nikaingiza jiko chumbani, nikaziba uwazi wa chini ya mlango kwa gunia ili joto lisitoke. Usiku nikaamka nataka kwenda msalani. Nikasema nisimame, magoti yakalegea. Kichwani nilikuwa naona kila kitu sawasawa, mlango ule pale, komeo lile pale, ila mikono na miguu imekuwa ya mtu mwingine. Nikatambaa. Komeo lilikuwa juu, nikalifikia mara ya tatu. Nilitapika kwenye baraza mpaka kukapambazuka, na nilikuwa mtu mzima mwenye afya yangu. Tangu siku ile kila mama aliyekuja kliniki wakati wa kipupwe nilimuuliza kwanza: unalala na nini chumbani?

Kuhusu mama mkwe, nakuomba usimwone mwongo. Anasema kweli kwamba walilala na moto. Lakini hebu muulize nyumba ilikuwaje. Atakwambia ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, juu ya kuta pamebaki uwazi ambapo moshi ulitoka, mlango wa mbao uliopitisha mwanga. Upepo ulikuwa unaingia na kutoka usiku mzima, ile hewa mbaya inabebwa nao. Hata hivyo moshi ule haukuwa salama kwa vifua vya watoto, na nimewahudumia wengi waliokohoa kwa sababu yake. Nyumba yenu ni saruji na vioo. Jiko lilelile ndani ya nyumba isiyopitisha hewa ni jambo jingine kabisa. Mwambie hivyo, kwa adabu, ikiwezekana mumeo ndiye amwambie: "Mama, nyumba ndiyo imebadilika." Mwanamke aliyelea watoto saba hastahili kuambiwa alikosea kulea.

Na kanga, usimfunge. Mtoto anayejiviringisha huishia kuteremka ndani ya mfungo, na kile kilichokuwa kiunoni kinakuta shingo. Vilevile usibane blanketi kwa pini kwenye godoro. Na hapo ukutani anapolala, sogezeni kitanda kigusane na ukuta kabisa au kiwe mbali kabisa, pasibaki mwanya wa kumeza mtoto.

Sasa tuje kwenye blanketi, maana hilo ndilo ulilouliza.

Mwanao hakatai joto. Anapopiga teke saa nne usiku, ana haki. Mwili wa binadamu unapoingia usingizini hujipunguza joto, na mtoto mdogo katika usingizi mzito wa saa za mwanzo hutoka jasho jingi, hasa kichwani. Chumba nacho bado kina joto, kuta za saruji zimekunywa jua la mchana na zinalirudisha polepole. Ukiongeza blanketi zito na koti la baba, unampika. Analowa. Kisha usiku unageuka. Bati linapoa, kuta zinapoa, na mwili wake wenyewe unafika kwenye joto lake la chini kabisa karibu na alfajiri, saa zilezile ambazo hewa ya Newala iko kwenye baridi kali kuliko zote. Wakati huo blanketi liko sakafuni na nguo aliyovaa ina unyevu wa jasho la saa nne. Nguo yenye unyevu huvuta joto la mwili kwa kasi kubwa kuliko nguo kavu. Kwa hiyo ile baridi ya saa kumi unaianza mwenyewe saa mbili usiku, kwa kumfunika kupita kiasi.

Usihangaike tena kumfunika. Mvalishe. Kinachovaliwa hakipigwi teke.

Nenda mnadani au kwa wauza mitumba, tafuta blanketi jepesi la mtumba, lile laini lisilo zito, saizi ya mtoto au hata kipande. Lifue, lianike mpaka likauke kabisa, halafu lipeleke kwa fundi cherehani. Mwambie akushonee kizibao kirefu cha kulalia. Kisiwe na mikono. Mikono ikiwa huru mtoto anaweza kujipoza kidogo na hawezi kufunikwa uso. Kuanzia begani kishuke mpaka juu kidogo ya visigino. Kwa kuwa mwanao anatembea, na najua ataamka alfajiri ateremke na kukimbia nacho, chini kigawanywe miguu miwili mipana kama suruali, visigino vitokee. Akiachiwa gunia la mguu mmoja ataanguka kifudifudi.

Shingo ndiyo ya kuangalia kuliko kitu chochote. Iache vidole vyako viwili vipite, lakini isiwe pana kiasi kwamba kichwa kinaweza kuzama ndani. Kwapani vilevile, kibane kwa upole. Kisiwe na kofia ya nyuma, kisiwe na kamba wala utepe wa kufungia. Zipu ya mbele ni nzuri, fundi aweke kipande cha kitambaa chini yake isimkwaruze kidevu. Kama ni vifungo, vitiwe begani na vishonwe kwa uzi mara mbili, uvivute mbele ya fundi uone kama vinang'oka, maana kifungo kilichong'oka kinakwenda mdomoni. Kwa ndani mwambie atie kanga iliyochakaa, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini. Pamba inanyonya jasho, na maji ya huko juu mnajua wenyewe yanavyopatikana kwa taabu. Ukishona kanga kwa kuishikiza tu, utaibandua na kuifua peke yake bila kuloweka blanketi zima.

Ndani ya kizibao avae fulana ya pamba ya mikono mirefu na suruali nyepesi, basi. Soksi kama zinakaa. Kofia ya uzi mvalishe jioni mkiwa nje na asubuhi kwenye ukungu, lakini akilala itoe. Kichwa ndicho anachojipoozea, na kofia ikishuka usoni usiku hutaiona. Nguo za mikono mirefu zina faida ya pili: mtoto anayetupa miguu huishia kuegemea chandarua, na mbu anamuuma kupitia matundu. Chandarua usikiache kwa sababu ni baridi. Malaria ya Mtwara haiendi likizo wakati wa kipupwe. Kichomekeeni chini ya godoro pande zote, kitamzuia hata kuteremka gizani.

Halafu inama uangalie chini ya kitanda. Watu hufunika juu wakasahau kwamba godoro jembamba la sponji juu ya mbao zenye nafasi linapitisha baridi kutoka chini, na mtoto anayejiviringisha mgongo wake wote uko pale. Tandika blanketi kuukuu chini ya shuka, au mkeka na kitenge kizito kati ya mbao na godoro. Mtoto hawezi kupiga teke kitu alichokilalia. Nimewahi kuona mama akihangaika miezi miwili na mablanketi ya juu, akatandika gunia safi na blanketi moja chini, jambo likaisha wiki hiyo hiyo.

Dirisha la upande wa kusi lifungeni na pazia zito. La upande wa pili acheni uwazi kidogo juu. Hewa lazima ipite, mko watatu.

Kuna jambo mlifanyalo nyinyi wa huko juu ambalo nililipenda na bado nalifanya: pasi ya mkaa. Washa pasi barazani, si chumbani, pasi shuka ya mtoto na nguo zake za kulalia kabla tu hajalala. Wakati wa ukungu nguo unazianua unadhani zimekauka kumbe zina ubaridi wa umande ndani yake. Ikipita pasi utaona mvuke mdogo unatoka, na huo ndio ungemlalia mgongoni. Chupa ya maji ya moto kitandani mwa mtoto mimi siitaki, nimeona malengelenge yake.

Na mwili wake, usiupime kwa miguu. Mikono na miguu ya mtoto husema uongo. Mwili mdogo hupeleka damu kwanza tumboni na kifuani, kwa hiyo miguu inaweza kuwa ya baridi na mtoto yuko salama salimini. Ingiza vidole nyuma ya shingo, chini ya ukosi, mpaka kati ya mabega. Pakiwa pa vuguvugu na pakavu, mwache alale na wewe lala. Pakiwa na unyevu au pa moto, punguza nguo moja. Pakiwa pa baridi, ongeza moja. Fanya hivyo siku tatu nne mkono wako utazoea, hutahitaji hata kuwasha taa.

Nimeliacha koti makusudi, kwa sababu lina mambo mawili.

La kwanza umeliona mwenyewe: saa kumi, pale mwili wa mtoto umepoa kabisa, ndipo anaponyang'anywa kifuniko na kufunguliwa mlango. La pili nadhani hujaliona. Hilo ni koti la kupulizia salfa. Unga wa salfa unaua ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoshambulia mikorosho, na tunaushukuru kwa korosho tunazouza, lakini ukiingia machoni unawasha na ukivutwa puani unakereketa koo na njia ya hewa. Koti linalovaliwa shambani kila alfajiri limejaa unga huo mpaka kwenye mishono. Wewe umemfunika mtoto nalo, pua na macho humo ndani, usiku baada ya usiku. Mtoto ana kikohozi kikavu na macho yanawasha. Siwezi kumpima kwa barua, lakini ningeanza hapo kabla ya kuilaumu baridi. Koti, suruali na kofia za salfa zikae nje ya nyumba, kwenye banda au msumari wa ukuta wa nyuma. Baba avulie huko, anawe uso na mikono, abadili nguo ndipo ambebe mtoto. Shuka na blanketi alizolalia mtoto na koti hilo zifueni zote, hata kama ni kununua ndoo ya maji.

Baridi peke yake haishuki kifuani kuwa nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu, na moshi na vumbi huvifungulia mlango. Kwa hiyo kikohozi cha wiki mbili kipeleke zahanati wiki hii, usisubiri nguo ishonwe. Mtoto wa chini ya miaka mitano hudumiwa bure kwenye vituo vya serikali. Ukiwa nyumbani, hesabu pumzi zake akiwa ametulia au amelala: mfunue tumbo, washa saa ya simu, hesabu tumbo linapopanda kwa dakika moja nzima. Kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno, nenda siku hiyo hiyo. Kama chini ya mbavu panabonyea kwa ndani anapovuta hewa, kama hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea haamki vizuri, usingoje jogoo awike. Na akiwa anatetemeka huku mwili unachoma, hiyo ni homa, si baridi. Mpunguzie nguo, usimrundikie, na akatobolewe kidole apimwe malaria.

Kuhangaika usiku kuna sababu nyingine nazo, nizitaje kwa haraka. Akijikuna makalio usiku, fikiria minyoo. Dawa hutolewa kwa watoto pamoja na matone ya vitamini A kwenye kampeni ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili, angalia kadi yake kama alipata. Akikoroma na kulala mdomo wazi, au akiwa mweupe viganja na midomo, mwonyeshe mtoa huduma, damu ikipungua mtoto hatulii. Njaa pia humwamsha. Uji wa jioni usiwe wa unga mtupu. Twanga karanga au korosho zilizovunjika zisizopata bei, ziwe laini kabisa kama unga, utie humo, anywe kama saa moja kabla ya kulala. Aoge alasiri jua likiwepo, si usiku.

Wala usitegemee kwamba akivaa kizibao ataacha kujiviringisha. Hataacha. Watoto wa umri wake wanapita kwenye usingizi mwepesi mara nyingi usiku, na kila wakipita wanageuka, wanasema neno moja, wanapanda juu ya mtu. Geuka naye, usimwamshe kwa kumrekebisha. Ulimfunika mara tisa, na nina hakika nusu ya mara hizo aliamka kwa sababu ya mkono wako.

Sasa saa kumi. Hiyo msiipige vita, itumieni. Mumeo anaamka kila siku wakati uleule ambao mtoto anahitaji kuongezewa, na wewe ndipo usingizi wako unapokuwa mzito. Basi kazi hiyo iwe ya baba. Kabla ya kulala, weka juu ya stuli karibu na kitanda nepi kavu na sweta moja jepesi lenye vifungo mbele. Akiamka, asiwashe taa kubwa, tochi ya simu inatosha. Aingize vidole nyuma ya shingo ya mwanawe. Aguse na nepi. Kama imelowa, abadilishe pale pale, maana mkojo uliopoa ni baridi kuliko upepo wa kusi. Kama shingo imepoa, amvalishe sweta juu ya kizibao akiwa amelala vilevile, mkono mmoja, kisha wa pili. Amsogeze kwako ubavuni, kwenye lile joto alilokuwa amelala yeye mwenyewe. Achomekee chandarua. Atoke, afunge mlango nyuma yake taratibu, ndipo akachukue koti lake kwenye msumari wa nje.

Nitangoja kusikia zahanati wamesema nini kuhusu kikohozi.

Shangazi yako, Lindi